Usiachie Mafuta

Ungesimama?

Usijibu haraka. Nimewauliza watu wengi swali hili, msibani, kwenye semina, hata kwenye foleni ya benki, na wote hunijibu haraka mno: mimi ningesimama, dada, mimi ni binadamu. Wanajibu wakiwa wamekaa vitini, miguu mikavu. Sikiliza kwanza. Na ukishapata jibu, usinipe mimi.

Mambo haya yalimpata mume wa dada yangu. Sitakuambia eti yalimpata jirani wa rafiki yangu, kama wanavyofanya wasimuliaji wanaoogopa maswali. Alikuwa shemeji yangu kabisa. Nimekula kwake, nimecheka utani wake, nimemsifu mbele za watu. Jina lake Abdulhalim, mzaliwa wa Kaloleni pale Arusha mjini. Mtu wa swala tano na meno meupe.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka Chuo Kikuu, Mlimani, nikaajiriwa na mojawapo ya yale mashirika yaliyoota Arusha baada ya milango kufunguliwa. Kazi yetu ilikuwa kuendesha semina, na azimio la kila semina lilikuwa kwamba ifanyike semina nyingine. Jumamosi nilikwenda Usa River kwa dada yangu Twahira, kula chakula cha nyumba ya watu waliooana na kusikiliza habari za maua.

Kila kitu Usa River siku zile kilikuwa maua. Mashamba yaliyowahi kuwa ya kahawa, kisha ya umma, kisha ya nyani, yalifunikwa nailoni nyeupe, na ndani yake wanawake walikata mawaridi ya kupelekwa Ulaya. Shamba alilofanyia kazi Abdulhalim lilikuwa pande zote mbili za mto. Upande huu mabanda ya mawaridi, ng'ambo banda la kufungashia na barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Zamani daraja liliziunganisha. Halafu zikaja mvua za El Niño, daraja likaondoka na maji. Daraja jipya likabaki kwenye mikutano.

Basi meneja, Mholanzi mmoja mwenye haraka, akaagiza pikipiki ya magurudumu manne, yale manene kama maboga, yenye tela nyuma. Wafanyakazi wakaiita Chura. Chura alikuwa na kazi moja tu: kuvuka mto na maboksi ya maua bila kuzima. Na dereva aliyejua kumvusha bila kuzima alikuwa mmoja tu. Unamjua.

"Shemeji, panda," aliniambia Jumamosi moja, jua likiwaka na kilele cha Meru kikiwa wazi. "Leo tuutie maji huo usomi wako."

"Ukilowa usomi utafanya nini?"

"Utaota. Panda bwana."

Nikapanda nyuma yake. Nakumbuka somo lake lote, kwa sababu lilikuwa somo zuri kuliko mengi niliyoyalipia.

"Unaingia taratibu, gia ya kwanza. Usirukie maji kama mbuzi aliyefukuzwa. Ukishaingia, unasukuma kiwimbi mbele yako. Unakifuata, hukipiti. Makalio nyuma. Gia hubadilishi ukiwa ndani. Sasa mafuta." Akaniinulia mkono wa kulia. Mafuta ya Chura hayakuzungushwa kama ya pikipiki za kawaida. Palikuwa na kikono kidogo chini ya mpini, unakisukuma kwa kidole gumba. "Unabana hapa. Hayapandi, hayashuki. Ekzosi imezama, si unaona? Moshi ukiwa unatoka, maji hayaingii. Ukiachia tu, maji yanapanda humo ndani, amezima. Akizima katikati, umekwisha. Kwa hiyo usiachie mafuta. Hata umwone baba yako mzazi."

"Na kukiwa na kitu mbele?"

"Kitu gani?"

"Jiwe. Ng'ombe. Mtu."

Akacheka. "Mtu ana miguu, shemeji. Atajua mwenyewe."

Na kweli, mbele yetu kulikuwa na mtu. Kila siku mto ule ulibadilisha sakafu yake, kwa hiyo kila safari mtu alitangulia kwa miguu, na fimbo ndefu, akichokoa chini kutafuta mashimo. Aliitwa Lesian, Mwarusha, mrefu, shuka jekundu amelikunja mpaka mapajani, ameoa juzi tu. Alitembea ndani ya maji yale baridi akiimba mambo ya kwao, na kila akifika pabaya alipaza sauti.

"Kushoto, mzee! Kushoto! Huko unakwenda kuoga!"

"Nioge mbele ya shemeji?"

"Dada msomi, akikuangusha shika shuka langu!"

Karibu na ukingo wa ng'ambo, mahali ambapo nyasi ndefu huinamia maji, palikuwa na shimo. Lesian aliingiza fimbo, ikazama yote. Akatuonyesha meno na kutuzungusha pembeni. Tukapita. Sikulowa zaidi ya magoti.

Hiyo ndiyo siku ya kawaida. Ilikuwa nzuri kweli.

Masika yakakolea. Ikaja siku ya mzigo mkubwa, sijui sikukuu gani ya akina mama wa Ulaya, na ndege ikingoja. Mto ulikuwa umevimba. Mvua ilikuwa nzito kiasi kwamba walioko ukingo mmoja hawakuona ukingo wa pili. Abdulhalim alivusha maboksi yote. Yote. Chura hakuzima hata mara moja. Meneja alimkumbatia, Mholanzi yule asiyemkumbatia mtu, akampa cheti kilichowekwa kwenye fremu, na Twahira akakitundika ukutani juu ya redio.

Kesho yake Lesian hakuonekana kazini.

"Aliniachia fimbo," Abdulhalim alisema. "Akasema kazi ya kuloa imemchosha. Anakwenda Mererani."

Hakuna aliyeuliza swali la pili. Kila kijana alikuwa anakwenda Mererani kuchimba tanzanaiti. Ukimkosa mtu siku hizo, yuko Mererani. Meneja akamwandika mtoro. Mtu mwingine akapewa fimbo.

Ila mama yake alikuja. Aliitwa Sinyati. Mwembamba, shanga za masikioni zikigusa mabega, anatembea kama mtu anayehesabiwa kila hatua. Alifika nyumbani kwa Twahira tukiwa mezani, akasimama getini, akaitikia shikamoo zetu, akakataa kiti.

"Mwanangu hakuniaga," akasema.

"Vijana, yeyo," Abdulhalim akamjibu, akimwita mama kwa lugha yake, maana alikulia kati ya Waarusha na Kimaasai alikijua. "Akipata jiwe lake utamwona na gari."

"Hajatemewa mate."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanigeukia mimi, mgeni, kunifafanulia kwa upole. "Mtoto wangu hasafiri mpaka nimtemee mate ya baraka kifuani. Hata akienda mnadani tu. Anajua. Hawezi kwenda mbali akiwa mkavu."

Abdulhalim alitafuna. Alimeza. Halafu akasema, kwa sauti laini kabisa, kwamba kuna mtu amemwona Lesian juzi, Mererani, mzima, anacheka.

Akaenda. Mama yule alikwenda Mererani, akapita mgodi hadi mgodi akiuliza wavulana wenye vumbi jeusi kama wanamjua mrefu mmoja anayeimba. Aliporudi miguu yake ilikuwa myeusi hadi magotini. Haikutakata upesi. Akaja tena getini.

"Hayuko."

"Basi amehamia mgodi mwingine," Abdulhalim akasema. "Yeyo, utajiua kwa kutembea. Subiri. Nitakutafutia kibarua uwe karibu, habari ikija uipate wa kwanza."

Unaona? Hapo ndipo nilipomsifu. Nilimsifu kwa sauti, mbele ya dada yangu, na Twahira akanitazama kama mtu anayesema, si nilikuambia mume nimepata.

Kibarua chenyewe kilikuwa mawe. Lile shimo la kivukoni lilihitaji kujazwa na kujazwa tena, maana maji yalikuwa yanayakokota mawe. Sinyati akapewa karai. Akawa anaokota mawe bapa juu mtoni, anayabeba kichwani, anaingia majini mpaka kiunoni na kuyapanga shimoni kwa mikono. Hakuyatupa. Aliyapanga. Alikuwa anayageuza, anatafuta upande wake mzuri, analaza moja kando ya jingine kama mtu anayetandika kitanda. Akimaliza anasimama kidogo. Halafu anafuata mengine.

Kivuko kikawa laini kama barabara ya lami. Hata mimi nimepita hapo, na sketi yangu ya semina, nikasema asante mama.

Kiangazi kilipoanza Chura akaanza kuzima.

Kwa madereva wengine alivuka salama, hata kwa wale wanafunzi wa udereva waliokuwa wanarukia maji kama mbuzi. Kwa Abdulhalim alizima. Mahali palepale, juu ya mawe ya Sinyati, maji yakiwa hayafiki hata nusu ya gurudumu. Unasikia mngurumo, unasikia mguno mmoja kama wa mtu aliyepigwa tumboni, kimya. Madereva wakaanza kutabasamu. Mtu mwenye cheti ukutani hapendi tabasamu za namna hiyo.

Fundi wa shamba, Anaeli, Mmeru wa kanisani, hana maneno mengi, akamfungua Chura kivulini. Nilikuwepo, nimempelekea shemeji chakula. Plagi nzima. Kabureta safi. Akafungua ekzosi, akachungulia, akaingiza vidole viwili na kuanza kuvuta.

Akavuta nyasi.

Zilikuwa mbichi. Zilikuwa ndefu, zimeloa, na mizizi yake bado imeshika udongo. Ndani ya bomba ambalo dakika chache nyuma lingeweza kukaanga yai. Zilitoka, zikaendelea kutoka, na zilikuwa zimekunjwa kama zinavyokunjika zikiwa ndani ya ngumi ya mtu.

Anaeli akaziweka chini taratibu. Akanong'ona, "Abdulhalim. Nani amekunyooshea nyasi?"

Inabidi nieleze, maana hapa ndipo penyewe. Kwa Waarusha na ndugu zao wafugaji, nyasi mbichi mkononi ni neno la mwisho. Mtoto anayechapwa aking'oa nyasi, fimbo inasimama hewani. Adui yako akikunyooshea nyasi, unashusha sime hata kama ameua ng'ombe wako. Hakuna asiyelijua hilo. Aliyekua pamoja nao, mwenye kujua lugha yao, hawezi kusema hakujua.

"Ng'ombe wamejamba humo," Abdulhalim akasema. Akacheka peke yake.

Anaeli hakucheka. Alinawa mikono, akanawa tena, na kuanzia siku ile akikutana na Abdulhalim njiani alikuwa anatazama mikono yake, si uso.

Mwanzoni sikujua kwa nini mikono. Dada yangu ndiye aliyeniambia, jikoni, bomba likiwa wazi ili mumewe asisikie.

"Kidole chake, Siwema."

"Kimefanya nini?"

"Kikigusa maji kinajifunga. Gumba. La kulia." Akanionyesha: kidole kimelala, kinasukuma kitu ambacho hakipo. "Akitia udhu. Akioga. Inabidi nikibandue. Juzi nilitumia mpini wa mwiko."

"Ni msongo wa mawazo," nikasema. Mlimani walinipa maneno ya kutosha kufunika karibu kila kitu. "Mwili unakumbuka kazi. Kuna maandishi juu ya hilo."

"Maandishi yanasema kuhusu kucha?"

"Kucha zina nini?"

Akafunga bomba. Adhuhuri hiyo ikabidi nijionee. Tuliketi kula, Twahira akaleta birika na beseni, akamnawisha mumewe. Maji yalipogusa tu kiganja, kidole gumba kikalala. Kilibana ukingo wa beseni. Beseni la bati likaanza kupinda. Abdulhalim alikitazama kidole chake kama unavyomtazama mgeni aliyeingia chumbani kwako bila hodi. Jasho lilimtoka. Twahira akashika, akavuta, nami nikashika, tukavuta wawili, na kilikuwa baridi. Kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Kilipoachia, nikaona ukucha. Chini yake palikuwa na kijani.

"Shemeji," nikasema polepole, "kuna jambo unataka kutuambia?"

"Lipo," akasema. Akafuta mkono. Akainua macho, na yalikuwa mazuri kama siku zote. "Yule bibi ananiloga."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na ilienda haraka kuliko habari yoyote ya kweli ninayoijua. Yule bibi wa mawe. Anaingia mtoni peke yake. Anasimama anaongea na maji. Mwanawe mwenyewe alimkimbia, kwa nini? Kufikia mwisho wa wiki wanawake wa mabandani walikuwa hawali karibu naye. Mtu alimwaga karai lake la mawe. Mtu mwingine alimtupia jiwe moja kati ya hayo, likampata shavuni. Aliliokota. Aliligeuza, akatazama upande wake mzuri, akaingia nalo mtoni.

Nilimfuata ukingoni. Niliona aibu, na aibu hunifanya nizungumze kama semina. Nikamwambia ana haki zake, anaweza kulalamika.

"Kwa nani?"

Nikaanza kumtajia ofisi za mjini.

"Sitaki haki," Sinyati akasema. "Nataka kujua amelala wapi. Nimeshajua halali Mererani. Mama anajua. Wakinifukuza hapa nitajuaje?" Akatazama maji. "Hapa tu ndipo mikono yangu inatulia. Sijui kwa nini."

Masika yalirudi. Chura akaendelea kuzima. Maneno yakafika kwa meneja, na meneja, ambaye kwao wachawi walikwisha karne nyingi zilizopita, akasema hajali nani anamloga nani, anataka maboksi yake yavuke. Wafanyakazi wakaamua kumaliza wenyewe. Jaribio lilibuniwa na Abdulhalim, na lilikuwa jepesi kama uongo wake wote. Bibi apande nyuma yake. Wavuke pamoja, watu wote wakitazama. Kama Chura atazima naye mgongoni, basi mchawi ni yeye, aondoke shambani, aondoke kijijini, na nyumba yake watu wajue cha kuifanya.

Alikuwa na uhakika wa kuzima, si unaona? Kwa mara ya kwanza kuzima kungemsaidia.

"Dada, mkataze," nikamwambia Twahira.

"Nikimkataza atasema na mimi ni mchawi."

Ilikuwa Jumamosi, asubuhi nyeupe, mvua imekatika tu. Watu walijaa ukingoni na makoti ya nailoni. Kulikuwa na mzaha mwingi. Mmoja alisema bibi asisahau kushikilia ungo. Sinyati alifika na shuka safi. Kabla ya kupanda aliinama, akang'oa nyasi, akazichomeka kifuani ndani ya shuka. Halafu akapanda nyuma ya Abdulhalim, upande upande kama bibi harusi, na hakumshika.

"Nishike, yeyo, utaanguka," Abdulhalim akasema kwa sauti ya kuwachekesha watu.

"Twende."

Akaingia. Aliingia vizuri, siwezi kumnyima hilo. Gia ya kwanza. Kiwimbi mbele. Makalio nyuma. Maji yalikuwa ya udongo, yanapiga ubavuni, na Chura akapita katikati yake kama kisu. Wakafika katikati. Wakapita. Wakafika kwenye mawe.

Chura hakuzima.

Alisimama. Mngurumo ulikuwa uleule, moshi ulitoka chini ya maji ukipasuka mapovu, magurudumu yalizunguka. Lakini hakwenda mbele. Yalizunguka palepale. Yakachimba.

"Achia mafuta!" mtu akapiga kelele. "Abdulhalim, achia! Anazama!"

Nikaona bega lake la kulia likivuta. Akauinua mkono wa kushoto, akashika kidole gumba cha kulia, akavuta. Akakipiga ngumi. Akainama akakiuma. Nilikuwa mbali lakini niliona damu. Kidole hakikuachia.

Mngurumo ukapanda.

Jiwe likaruka kutoka chini ya gurudumu la nyuma. Bapa. Likaanguka majini. Likaruka la pili. Yakawa yanatoka moja moja, mawe ya Sinyati, mazuri yote, kana kwamba kuna mtu chini anayapokea na kuyatupa nje. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Pua ya Chura ikainama. Maji yakafika kwenye tangi. Yakafika kwenye mapaja yao.

Shimo lilikuwa linafunguka.

Halafu sauti ikakatika. Hapa ndipo watu huniambia nimechanganya, na mimi huwaambia waende wakamuulize Anaeli, aliyekuwa bega kwa bega nami. Mngurumo ulikatika. Magurudumu hayakukatika. Yaliendelea kuzunguka, kasi ileile, kimya kabisa, na tuliweza kusikia maji, na ndege, na pumzi ya mtu.

Kitu chekundu kikapanda juu ya maji. Kitambaa. Kikajitandaza, kikashikwa na mkondo, lakini hakikuondoka. Kilikuwa kimeshikwa chini.

Sinyati hakupiga yowe. Alikitazama. Alitoa nyasi kifuani, akapitisha mkono wake mwembamba juu ya bega la Abdulhalim, akazisimamisha mbele ya macho yake. Ni hivyo tu alivyofanya. Hakumgusa.

Nitakatiza hapa niseme yaliyobaki, kwa sababu baada ya maneno aliyoyatamka mle majini sitakuwa na la kuongeza. Abdulhalim alitoka majini mzima. Mahakama ilikuwa na neno lake kwa jambo lile, refu na la baridi, na ikamfunga kwa neno hilo. Kidole gumba hakijanyooka mpaka leo. Twahira anakaa kwangu na hatii maua ndani ya nyumba. Sinyati alimtemea mate mwanawe pale ukingoni, juu ya kilichobaki cha kifua, ndipo akaruhusu abebwe. Daraja lilijengwa. Shamba limebadilisha wenyewe mara kadhaa, na Chura yupo nyuma ya banda, hana magurudumu, hana injini. Anaeli aliing'oa kwa mkono wake. Ekzosi ameiziba kwa gunzi la mahindi na kulipigilia. Kila masika gunzi linakutwa chini. Nyasi zimetoka bombani, mbichi, zimekunjwa kwa umbo la ngumi, na bomba ukiligusa lina moto.

Sasa turudi mtoni. Magurudumu yanazunguka kimya. Nyasi ziko mbele ya macho yake. Maji yanamfika kifuani.

"Yuko wapi?" Sinyati alinong'ona. Tulisikia sote.

Abdulhalim alifungua mdomo. Mwanzoni ilitoka pumzi tu. Halafu maneno, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayefundisha.

"Aliteleza mbele yangu. Pale kwenye nyasi. Alishika nyasi zikang'oka, akaninyooshea. Nilimwona, yeyo. Nilizijua. Ningeachia, Chura angezima, na mzigo ulikuwa mkubwa. Nikabana."

Kidole kikaanza kulegea.

"Nikapita juu yake. Nikashusha maboksi. Nikarudi kuchukua tela jingine, nikapita tena. Alikuwa shimoni, amejaa vizuri, lakini mkono ulikuwa bado umenyooka na zile nyasi. Jiwe la kwanza nililiweka mimi, juu ya mkono."

Akageuza shingo, akamtazama mama yule usoni.

"Mengine yote umepanga wewe."